Hodi ya Tatu

Siku ya mazishi ya Gasper, pale Lupaso, watu walimsifu kwa mambo anayosifiwa marehemu yeyote wa miaka thelathini: alikuwa mpole, alimtunza mama yake, hakuwa mtu wa vilabuni. Yote yalikuwa kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba Gasper aliwahi kuzifundisha nyumba adabu. Dada yake, Bernadeta, alikuwa na maneno hayo mdomoni tangu kanisani hadi makaburini, akayameza, maana angeanzia wapi kuyaeleza?

Basi tuanzie yalikoanzia, kwenye chumba kimoja kinachotazamana na stendi ya mabasi ya Masasi, chenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikipiga kelele kama mtu anayepepeta.

Baba yao alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha korosho, hadi kiwanda kilipofungwa na jengo likageuka ghala. Alipofariki alimwachia Gasper vitu viwili: sanduku la bisibisi, na tabia ya kutoamini kifuniko. Kila chenye kifuniko Gasper alikifungua aone kuna nini. Biashara zilipokuwa huria na kompyuta za mitumba zikaanza kuletwa kutoka Dar es Salaam zimeviringishwa kwenye mablanketi, akapata hizo mbili, akaning'iniza kibao nje: tunachapa, tunatoa kopi, tunalaminisha vyeti. Bernadeta alipomaliza kidato cha nne akaja kukaa kwenye kibodi.

Ndani ya kompyuta mojawapo mlikuwa na gemu ambayo mmiliki wa kwanza hakuifuta. Ilikuwa gemu ya vita vya Ulaya ya kale. Unajenga mji, unalima, unaunda askari, kisha unamwendea jirani yako kumbomolea. Wengine waliipendea farasi na mapanga. Gasper aliicheza jioni tatu. Ya nne akafungua kifuniko.

"Deta, njoo uone."

Bernadeta akasogea. Skrini ilijaa safu za namba, mstari chini ya mstari.

"Kila askari ana mstari wake," Gasper alisema, "na kila jengo lina wake. Hii ni umbali anaoona. Hii ni umbali anaopiga. Hii nguvu, hii muda wa kupumzika akishapiga. Na hapa: akimwona adui amfuate, au asimame alipowekwa? Akipigwa arudishe, au akimbie?" Akagonga kioo kwa ukucha. "Roho zao zinakaa hapa. Ile tunayoiona tukicheza ni nguo tu."

Mwaka mzima akawa anawabadilisha roho. Ngome zikawa nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Mji wa Ulaya ukawa uwanda wa juu wa Newala, alikozaliwa mama yao, pamoja na vichaka vyake vizito ambavyo mtu hapiti ila kwa kijia kimoja chembamba. Akauweka ukingo wa uwanda, akauweka mteremko, na chini kabisa akachimba kisima kimoja. Wapanda farasi aliwaacha walivyo, akisema mvamizi ana haki ya kuonekana mgeni. Vijiji viwili vilivyopigana vilitegemea kisima hicho hicho, na waliochota ni wanawake saba ambao hawakuwa wa upande wowote. Walishuka na ndoo, wakapanda, wakagawa kwa huyu na kwa yule. Maji yasipofika, mashamba hukauka na kijiji hufa bila kupigwa.

Siku alipoiwasha kazi nzima kwa mara ya kwanza, mama yao alikuwa ameleta chakula cha mchana. Jina lake Veridiana, ingawa mtaani aliitwa Mama Gasper tu.

"Hao wadogo wanaopanda ni akina nani?" aliuliza.

"Wachota maji, mama. Ndio wewe na bibi."

Mama akavuta kiti. Alianza kuushuka mteremko ule akiwa na miaka saba, akiondoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limekwisha kuchoma, mtungi kichwani na shingo imekakamaa. Aliwatazama wale wanawake wadogo kama punje za mtama, na Bernadeta akaona miguu ya mama yake ikisogea chini ya kiti kama anayetafuta pa kukanyaga. Wa kwanza akafika kwenye nyumba ya ukingoni mwa kijiji. Nyumba ikamtupia mshale. Akaanguka. Wa pili akaanguka juu yake. Wakaenda hivyo hadi wa saba, kila mmoja na ndoo yake kichwani.

Gasper alijua kosa liko wapi kabla wa tatu hajaanguka. Nyumba zake alizitoa kwenye minara ya zamani, na mnara hupiga chochote kisicho cha mwenyewe. Wachota maji hawakuwa wa mtu.

"Ni namba tu, mama. Nairekebisha sasa hivi."

Mama akafunika sahani. "Mimi nimezaliwa kwenye nyumba kama hizo," alisema taratibu. "Hata enzi za wavamizi, bibi yangu alisema, mtu akitokea kijiani aliulizwa kwanza. Wewe nani, unatoka wapi. Nyumba yako haiulizi, Gasper."

Akaondoka na sahani zote mbili, hata ya Bernadeta ambaye hakuwa na kosa.

Namba ingerekebishwa kwa dakika moja. Gasper alitumia wiki mbili. Kila nyumba akaipa mlango, na juu ya mlango akaweka taa ndogo. Mtu akifika karibu, taa inapepesa mara tatu, polepole, hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi ya tatu. Muda huo wote nyumba haipigi. Ikifika ya tatu inamtazama mkononi. Mwenye ndoo anapita. Mwenye silaha anapigwa. Na mwenye silaha aliyegeuka akaondoka kabla ya hodi ya tatu anaachwa aende zake.

Alimwita mama, akamwonyesha. Wanawake wakapanda, taa zikapepesa, wakapita. Kesho yake mama alikuja na sahani mbili, na jirani zake wawili nyuma yake, waje waone.

Hiyo ilikuwa mwaka 2006. Machi ya mwaka uliofuata homa ilimpanda Gasper kichwani, na siku ya nne wakamrudisha Lupaso, akalazwa kando ya baba yake.

Mwishoni mwa Mei, Mwalimu Ambakisye alishuka kutoka Newala kwa basi la asubuhi. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mrefu, anafundisha hesabu kwenye sekondari moja huko juu na kusimamia klabu ya kompyuta. Gasper alimpa nakala ya gemu alipokuwa hai, nao walikuwa wakibishana juu yake kama wengine wanavyobishana juu ya mpira.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, dada. Poleni tena."

"Tumeshapoa."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamempanda hadi kifuani. Alieleza kwamba klabu yake imepewa meza kwenye maonyesho ya Nane Nane, Ngongo, Lindi, na kwamba angependa juu ya meza hiyo iwekwe kazi ya Gasper. Bernadeta alitazama pembeni, akajifanya anapanga karatasi.

"Ila kuna jambo," Mwalimu aliendelea.

"Jambo gani?"

"Hodi."

"Ina nini?"

"Kompyuta inajua papo hapo nani ana silaha na nani hana. Haina sababu ya kusubiri. Sasa watu watakuja pale, watu wa mijini, wataona nyumba inachomwa moto huku inapepesa taa kumkaribisha anayeichoma. Watacheka. Mimi sitaki Gasper achekwe."

"Wewe ungefanyaje?"

"Kwenye mstari wa nyumba ameandika tatu. Mimi ningeandika sifuri. Nakala ninayo, ningeweza kubadilisha nikiwa kwangu. Lakini kazi ya marehemu haiguswi bila kuomba. Ndiyo maana nimepanda basi."

Bernadeta akaweka karatasi chini. "Kaka alisema nyumba inajua, lakini haina ruhusa ya kujua kabla haijauliza."

"Alinijibu hivyohivyo," Mwalimu alisema, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Sikuelewa, nikanywa chai yangu. Lakini sikiliza, dada. Ninaye kijana anaitwa Isaka, kamaliza kidato cha sita, ndiye bingwa wetu. Ameshaijua dawa ya hodi. Anaingiza farasi: hodi moja, hodi mbili, anachoma paa, anatoka. Taa inaanza upya. Anarudi tena. Anakimaliza kijiji kizima, na hakuna mshale hata mmoja uliorushwa."

Hilo Bernadeta hakulijua. Alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba kaka yake alitoka nje na shati limechanika mgongoni, na watu wote wameona.

"Nipe wiki sita," alisema. "Mje mcheze hapa. Isaka atumie nyumba za sifuri, mimi nitumie za tatu. Saa moja kamili. Kijiji changu kikiwa bado kimesimama, hata kwa nyumba moja, hodi inakwenda Lindi. Kikianguka, nitaandika sifuri kwa mkono wangu mwenyewe."

"Haina haja iwe hivyo, dada."

"Kwangu ina haja."

Jioni akatoa daftari la Gasper kutoka chini ya mashine ya fotokopi. Lilikuwa daftari la kurasa tisini na sita, lenye vitu vyote alivyobadilisha na sababu zake, mwandiko umelala kama majani baada ya mvua. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa Februari. Juu yake palikuwa na swali moja: *Anayebisha akaondoka, je?* Chini yake hapakuwa na kitu.

Kumbe naye aliliona tundu. Alikuwa bado hajapata kiraka.

Bernadeta alijaribu viraka vya kila aina. Aliipunguza tatu ikawa mbili. Akaona haya, akairudisha. Alizizungushia nyumba ukuta, wachota maji wakakosa pa kupita. Wiki mbili zikaisha hivyo. Jumapili moja baada ya misa, akiwa uani na mama yake wakiosha ming'oko, mizizi ya mwituni iliyoletwa na ndugu kutoka Chiwata, aliuliza tu, bila kutaja gemu.

"Mama, zamani huko kwenu, mtu akibisha hodi halafu akaondoka kabla hajaitikiwa, mlifanyaje?"

"Mara moja? Hatufanyi kitu. Labda kakumbuka jambo."

"Akirudia?"

"Mara ya pili mtu mzima anatoka anamwangalia mgongo. Anaushika ule mgongo akilini." Mama akasugua mng'oko mmoja kwa kidole gumba. "Akirudia ya tatu, huyo si mgeni, anahesabu milango yetu. Hapo unapeleka neno kwa jirani, na jirani kwa jirani. Akija mara ya nne, kijiji kizima kinamjua, hata nyumba ambayo hajawahi kuifikia."

"Na haulizwi tena?"

"Aulizwe nini? Si tumemwuliza mara tatu?"

Bernadeta akainuka na mikono yake imejaa maji, akaenda dukani siku ya Jumapili.

Ilimchukua siku tisa kuandika alichosikia kwa dakika tano. Akazipa nyumba kumbukumbu. Anayefika akaondoka kabla ya hodi ya tatu anawekewa alama. Alama zikifika tatu, nyumba haimsubiri tena, na habari inatembea kwenda kwenye nyumba zote. Siku ya kumi akaijaribu. Wavamizi wakaingia na kutoka, mara moja, mbili, tatu. Walipoingia ya nne, mishale ikawapokea kijiani. Bernadeta akapiga makofi peke yake.

Kisha akaona nyumba ya ukingoni ikimpiga mchota maji. Halafu mwingine.

Alizima skrini kwa haraka, kama anayefunika maiti, na kukaa ameshika kichwa. Lilikuwa kosa lilelile la kaka yake, kwenye nyumba ileile. Hakumwambia mama, lakini mama alipoleta chakula alimsoma usoni, akamwamuru aiwashe.

Wakatazama pamoja. Mwanamke mdogo alipanda hadi karibu na nyumba, akageuka, akashuka hatua kadhaa, akapanda tena. Mara tatu. Ya nne akapigwa.

"Anatua ndoo," mama alisema.

"Anafanya nini?"

"Anapumzika. Mteremko ule haupandiki kwa pumzi moja. Unafika karibu na nyumba, shingo inakataa, unarudi kwenye jiwe unatua. Gasper kawaweka wapumzike, nilimwambia mimi." Akamgeukia. "Yeye alisikia. Wewe umesahau kuwa mtu huchoka."

Maneno yalimchoma Bernadeta, lakini yalimchoma pale palipotakiwa kukatwa. Akaandika mstari mmoja zaidi: kumbukumbu ni kwa mwenye silaha tu. Mwenye ndoo aende na kurudi mara mia, nyumba haimhesabii.

Jumamosi ya pili ya Julai, saa nane mchana, Mwalimu Ambakisye na Isaka wakafika. Bernadeta alikuwa ameziunganisha kompyuta mbili kwa waya, zikapeana migongo. Vijana wa stendi walijaa mlangoni hadi mwanga ukapungua. Mama Gasper alikaa kwenye kiti cha wateja, na mapajani ana sahani ya ming'oko iliyopakwa pilipili na ndimu.

"Shikamoo, mama," Isaka alisema. Alikuwa mwembamba, amevaa shati jeupe kama anayekwenda kwenye mtihani. "Nimekuja kubomoa. Naomba radhi mapema."

"Marahaba, baba. Mbomoaji hula kwanza."

Akala. Dereva mmoja wa bodaboda akasema kutoka mlangoni, "Nyie wa Newala, mmeshuka kwa gemu au mmeshuka kuoga?"

"Siku hizi tuna bomba, kaka," Isaka alijibu huku akilamba kidole. "Na nyie wa Masasi bado mmebaki na milima yenu ya mawe tu. Mnayachemsha?"

Watu wakacheka hadi waliokuwa nje wakauliza kimesemwa nini.

"Kabla hatujaanza," Bernadeta alisema, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Nimeongeza kitu kwenye nyumba zangu, na sitaki iwe siri. Zinakumbuka. Mwenye silaha akibisha na kukimbia mara tatu, ya nne hasubiriwi, na nyumba zote zinaambiwa."

Mwalimu akainua nyusi. Isaka alifikiri, akahesabu kwa midomo. "Nyumba moja naichoma kwa mara tatu, dada. Ya nne itakuwa majivu. Majivu yanakumbuka?"

"Twende," Bernadeta alisema.

Kila mmoja alikuwa na nyumba tisa. Robo saa ya kwanza ilikuwa ya kulima. Kisha farasi watano wa Isaka wakatokea kwenye kijia cha vichaka. Hodi, hodi, moto kwenye paa, wakatoka. Wakarudi. Wakatoka. Mara ya tatu nyumba ya ukingoni ikaanguka bila kurusha kitu, na mlangoni mtu akasema, "Aisee, hizi nyumba ni za kanisa." Bernadeta aliwatazama farasi wakielekea nyumba ya pili.

Taa ya nyumba ya pili haikupepesa. Mishale ilitoka kwanza, na nyumba ya tatu ikaitikia, na ya nne, ingawa hakuna farasi aliyewahi kuzikaribia. Wote watano wakalala pale kijiani.

"Wameambizana," mama alisema, akachukua mng'oko.

Isaka hakuwa mjinga. Hakurudia tena kuwatumia farasi waliojulikana. Aliunda wapya watano, wakachoma nyumba ya pili kwa mara tatu, akawarudisha kwao wasitoke tena; akaunda wengine, wakachoma ya tatu. Bernadeta alipeleka wapiganaji wake wachache wakamvunjie mazizi, lakini nyumba za sifuri ziliwapiga wangali mbali, hazikuuliza kitu. Dakika arobaini zilipofika alikuwa amebakiwa na nyumba nne. Dakika hamsini, tatu. Alimwona Mwalimu akitazama saa, si kwa furaha.

Dakika sita za mwisho Isaka aliweka nguvu yake yote mahali pamoja. Farasi kumi wapya, wasio na alama. Na hakuwapitisha kijiani peke yao. Aliwasubirisha chini ya mteremko hadi wachota maji saba walipojaza ndoo, akawaingiza katikati yao, watatu mbele, wengine nyuma, wakapanda pamoja.

Mama Gasper aliweka sahani chini.

"Dada," Mwalimu alisema polepole, "nyumba yangu ya sifuri ingewapiga hao sasa hivi, wangali mbali."

"Ingewapiga na akina mama," Bernadeta alijibu. "Wamebanana, na mshale wa mbali hauchagui."

Msafara ukaingia kwenye kijia cha vichaka, farasi na ndoo, mmoja nyuma ya mwingine kwa kuwa kijia hakikuruhusu wawili. Farasi wa kwanza akafika penye nyumba tatu zilizobaki, na wenzake wakajisukuma kumzunguka. Taa zikapepesa. Hodi ya kwanza. Moto ukashika paa. Hodi ya pili. Moto ukapanda. Isaka akabofya kuwatoa, kama alivyofanya mara zote, na farasi wakageuka.

Njia haikuwepo. Nyuma yao wanawake walikuwa wanapanda na ndoo zao, mmoja nyuma ya mwingine, wala hawakuharakisha wala hawakusimama. Farasi wakawasukuma, wakashindwa, wakazunguka palepale kama kuku waliofungiwa jikoni. Isaka akabofya tena. Akabofya tena.

Hodi ya tatu.

Nyumba zikatazama mikononi. Mishale ikatoka kwenye milango yote mitatu, ikapita juu ya ndoo, ikachagua. Farasi wakaanguka mmoja mmoja kati ya wanawake waliokuwa wakiendelea kutembea. Nyumba mbili zikazima moto. Ya tatu ikaanguka. Kengele ya saa moja ilipolia ndani ya kompyuta, kijiji cha Bernadeta kilikuwa na nyumba mbili, paa zake nyeusi, zimesimama.

Mlangoni wakaanza kusema wote kwa pamoja. Yule wa bodaboda alikuwa anamweleza ambaye hakuona, na mwingine anamsahihisha. Isaka aliachia kipanya, akajinyoosha, akacheka kwa kushindwa. "Ningetoka. Wale akina mama ndio walionizibia njia."

"Hawakukuzibia, baba," Mama Gasper alisema. "Walikuwa wanakwenda zao."

Kisha akamgeukia binti yake. Hakuuliza nani kashinda wala nyumba ngapi zimebaki.

"Wachota maji wamefika wangapi?"

Bernadeta akasogeza skrini hadi kijijini. Akahesabu mara mbili, akiweka kidole juu ya kioo kwa kila mmoja, jambo ambalo Gasper alilikataza kwa sababu linaacha alama. Mmoja alikuwa amerudi nyuma kidogo kwenye jiwe, ametua ndoo.

"Saba, mama. Na huyo anapumzika."

"Wote," mama alisema. Akachukua sahani yake, akaipitisha kwa Isaka, kisha kwa Mwalimu, na ming'oko iliyobaki akawapelekea wa mlangoni.

Watu walipotawanyika, Mwalimu Ambakisye alibaki amesimama nyuma ya kiti cha Bernadeta. "Nitazifuta sifuri zangu kwenye nakala," alisema. "Na pale Lindi tutahitaji karatasi ya kuweka juu ya meza. Jina la gemu, aliyetengeneza, na maelezo mafupi ya wapitanjia. Utaichapa wewe?"

"Naichapa sasa hivi."

"Jina lako liwemo. Kumbukumbu ya nyumba ni yako."

"Ni ya mama," Bernadeta alisema. "Lakini sawa, nitayaweka majina yote."

Alivuta kibodi. Maneno yalikuwa tayari. Yalikuwa yamekaa mdomoni tangu Machi, yalikataa kumezwa yakaisha. Aliyachapa kwa herufi kubwa, akatoa nakala mbili, ya pili akailaminisha kwa ajili ya ukuta wa nyumbani. Mama yake aliipokea ingali na joto la mashine, akaisogeza karibu na mwanga wa mlangoni, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma somo kanisani:

"Nyumba hizi zimefundishwa adabu na Gasper wa Masasi. Alisahihishwa na mama yake, Veridiana wa Newala. Dada yake Bernadeta akamalizia. Tafadhali subiri hodi ya tatu."